Niko mwaka wa pili wa uuguzi na nguvu zimeniisha. Niache?

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli, maana chumbani mwenzangu amelala na sitaki anione nikilia tena. Nina miaka 22, kwetu ni Songea, nasoma shahada ya uuguzi mwaka wa pili, mbali sana na nyumbani. Chuo na hospitali naomba visitajwe.

Nikwambie ukweli, Mama, uuguzi sikuuomba kwa kuupenda. Nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na tangu shule ya msingi nilikuwa nikiulizwa nitakuwa nani nasema daktari. Matokeo yalipotoka, pointi zangu hazikutosha kwenye ule ushindani. Uuguzi niliujaza chaguo la tatu ili nafasi isikae wazi, na huko ndiko nikachaguliwa. Baba akasema, "Nenda, hospitali ni hospitali."

Mwaka wa kwanza nilijikaza. Anatomia na biokemia zilinitoa jasho lakini nikapita. Likizo ikaisha, baba akapata kiharusi. Yeye ndiye aliyekuwa analima. Mahindi yake ndiyo yaliyokuwa yananijazia pale mkopo unapoishia. Sasa upande wa kulia umelala, na mama anakaanga maandazi alfajiri, akirudi anamgeuza baba na kumfulia. Kila nikipiga simu ananiuliza, "Umekula?" Nasema nimekula.

Mwaka huu tumeanza kuzunguka wodini. Hospitali iko upande wa pili wa mji, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na saa moja na nusu asubuhi uwe umeshasimama kwenye ripoti. Hela ya mafunzo kwa vitendo ikichelewa, kipande cha kwanza natembea. Kuna siku nilishikwa na kizunguzungu nikaegemea ukuta, sista mmoja akauliza mbele ya wenzangu kama nina mimba.

Sista huyo hatuiti majina. Anatuita "digrii". "Digrii, lete bedipani." "Digrii, mmekuja kuwa mabosi na kitanda hamjui kutandika." Mwalimu wetu wa kliniki naye haonekani wiki nzima, anakuja Ijumaa kusaini vitabu vya mazoezi. Kuna taratibu nimesainiwa ambazo niliziona kwa mbali tu, mtu mwingine akizifanya.

Sasa nifike kwenye kilichoniandikisha barua hii. Kitanda namba saba alikuwepo bibi mmoja, mgonjwa wa moyo. Alikuwa ananiita kwa jina la mjukuu wake. Jioni moja aliniomba nimfumue nywele kichwa kinamwasha, nikamfumua, nikamchana, nikamsuka mabutu mawili. Alicheka akaomba kioo. Wiki iliyofuata nilipangwa zamu ya usiku. Saa nane na nusu nikaona anahema vibaya, nikamwambia sista, akaja akamwangalia, akanituma nikae niwe nahesabu pumzi. Nikahesabu kwa saa yangu ya mkononi. Thelathini na mbili. Kumi na nane. Kumi. Zilipofika nne nikakimbia kumwita, akasema anakuja, alikuwa anashughulika na mtoto mwenye degedege wodi ya jirani. Niliporudi nikaishika saa tena, na nikajikuta nahesabu sekunde tupu.

Sista alipokuja alimpima, akaandika, akaniambia, "Usilie wodini. Lete bandeji tumfunge." Nilimshika taya akalifunga. Mabutu niliyomsuka bado yalikuwepo. Asubuhi nikaambiwa nisome ripoti: kitanda namba saba, amefariki saa tisa na dakika kumi usiku. Kisha tukaenda kitanda namba nane. Hakuna aliyelisema tena.

Tangu siku hiyo nikivaa saa moyo unakwenda mbio, nimeanza kuiacha hosteli. Famakolojia, lile somo la dawa, nimepata sapu, mtihani wa kurudia. Nahisi labda ningekimbia zilipofika kumi, angekuwa hai. Chumbani tulikuwa wanne. Mmoja amedisko, ameondolewa chuoni kwa kufeli. Mwingine alibeba begi Jumapili akasema anakwenda kwa shangazi yake, hajarudi, simu haipatikani. Mimi nawaza kufanya kama yeye. Nikimdokeza mama anasema, "Vumilia mwanangu, ndiyo maisha." Je, niache? Na nikiacha, nitamwambiaje?

Binti wa Songea

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilisoma mchana nikaiweka, usiku nikaichukua tena. Nimeuguza na kufundisha wauguzi kwa miaka 35 kabla ya kustaafu. Nilianza na cheti, nikajiendeleza nikiwa na watoto watatu, kwa hiyo nimekuwa yule sista wa wodini, na baadaye nimekuwa yule mwalimu anayekuja na kalamu kusaini vitabu. Nitakujibu kama mtu aliyesimama pande zote mbili.

Umetaja njaa, sapu, sista, udaktari na baba. Lakini nianze na bibi wa kitanda namba saba, maana naona yeye ndiye anayekutoa chuoni kuliko hayo mengine yote.

Mtu anapokaribia kukata roho, pumzi zake hubadilika. Huenda mbio, zikapungua, zikakoma kidogo, zikarudi kwa kina, kisha zikakoma moja kwa moja. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka anaweza kufika huko hata akiwa amezungukwa na watu wenye ujuzi wote. Wewe uliona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote, ukatoa taarifa, ukahesabu kama ulivyoagizwa, ukaita tena. Ni kazi ya muuguzi ile, na uliifanya usiku wa manane ukiwa mwaka wa pili. Swali lako la kama angepona lisikae kichwani likizunguka peke yake. Faili la mgonjwa lipo. Mwombe mwalimu wako mkae mlisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa: alikuwa na nini, alikuwa anapewa nini, daktari alikuwa ameandika nini siku zile za mwisho. Nimefanya hivyo na wanafunzi wangu, na mara nyingi nimewaona wakishusha pumzi wakifika ukurasa ambao daktari alishaandika kwamba hali ni mbaya na ndugu wamearifiwa. Na kama yapo ambayo yangefanywa vizuri zaidi usiku ule, utayajua kwa jina lake, na utayajua kuwa hayakuwa mzigo wa mwanafunzi.

Lipo linaloniuma zaidi. Kwetu, mtu akifa, kijana hasukumwi tu kwenye chumba alimolazwa maiti. Wanaingia watu wazima, wanaosha, wanavisha, wakitoka wananawa mikono, wanaketi mkekani, wanazungumza habari za marehemu. Hospitalini tumeichukua kazi ile ya wazee tukaiweka mikononi mwa binti wa miaka 22 saa tisa usiku, na ile sehemu ya kuketi mkekani tumeiacha. Ilitakiwa kabla hujasoma ripoti mtu mzima akuvute pembeni, akupe chai, akuulize, "Ni mara yako ya kwanza?" Dakika kumi tu. Nimeona wanafunzi wakipotea chuoni kwa kukosa dakika hizo kumi, nasi walimu tukaandika kwenye taarifa kwamba wameondoka kwa "sababu binafsi".

Kwa hiyo ketini mkekani sasa, hata kama mmechelewa. Mwite yule mwenzako wa chumbani, au mwanafunzi yeyote mliyekuwa naye kwenye mzunguko ule, mweleze habari za bibi tangu mabutu hadi bandeji. Kisha nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi uwaambie hili la saa. Moyo kwenda mbio kila unapoivaa, usingizi kukatika, masomo kutoingia, haya yakidumu majuma kadhaa yanahitaji mtu aliyesomea, na hospitali unayofanyia mazoezi huenda ina kliniki ya afya ya akili ghorofa chache kutoka wodini kwako. Usione haya kuingia kama mgonjwa mahali unapoingia kama mwanafunzi. Na ikitokea usiku ukatamani usiamke, usisubiri barua yangu wala siku ya kliniki. Mwamshe mwenzako akupeleke muda uleule.

Sasa yule sista.

Mwaka 1996 nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake. Wauguzi wa shahada walikuwa wachache, na sisi wa cheti tuliwaona kama watu wanaokuja kutupita ngazi bila kushika ufagio. Siku moja mwanafunzi alikuwa anapima presha, ile mashine ya zebaki ya kupampu kwa mkono. Alirudia mara ya tatu, hasikii mapigo, jasho linamtoka. Nilimvua stetoskopu masikioni mbele ya ndugu wa mgonjwa nikamwambia, "Toka hapa, hiyo digrii kapimie darasani." Ndugu wakacheka. Jumatatu hakuja. Wiki ilipoisha nikasikia kutoka kwa mwenzake kwamba amerudi kwao. Nilikuwa nimekesha siku ya pili mfululizo, peke yangu, na wagonjwa zaidi ya 40. Nakutajia uchovu wangu ujue ukali wa namna ile hutokea wapi. Yule binti hakustahili hata neno moja kati ya yale. Sikumtafuta, na hadi leo sijui kama aliacha kwa ajili yangu au alikuwa na yake. Ukiniuliza kwa nini nimekubali kujibu barua za wanafunzi wa uuguzi, jibu ni yeye.

Kwa hiyo sikuambii "mvumilie tu, wote tulipita huko". Fanya hivi. Siku ambayo wodi imetulia, kabla ya dawa za saa sita, mfuate mwenyewe umwambie, "Sista, naomba leo nizunguke na wewe na toroli ya dawa, famakolojia imenishinda." Muuguzi mzoefu akiombwa afundishe kitu anachokijua vizuri, mara nyingi sauti hubadilika. Nimeliona hilo kwangu mwenyewe. Akiendelea na matusi, au lile la kukuuliza mimba hadharani likirudiwa, andika tarehe na maneno aliyosema, mwende wawili kwa muuguzi mfawidhi wa wodi, na nakala apewe mratibu wa mafunzo ya kliniki chuoni. Mwende wawili. Mwanafunzi mmoja huitwa mkorofi.

Na vile vitabu vya mazoezi: usikubali tena saini ya kitu ambacho mikono yako haijafanya. Najua walimu ni wachache na wodi ni nyingi, lakini saini ile itakudai siku utakayokuwa mtarajali, yaani mhitimu aliye kwenye mwaka wa mazoezi ya kazi, kanula ya mshipani haiingii, mgonjwa anakuangalia na nyuma yako hakuna mtu. Zile ulizosainiwa kwa mbali ziorodheshe kwenye karatasi, uombe chumba cha mazoezi jioni, mrudie na wenzako kwenye ule mwanasesere hadi mkono uzoee. Wanafunzi wengi ninaowajua hofu yao ya wodi ilitoka hapo. Walijua kwenye karatasi wanaonekana wameiva, na mikononi bado ni wabichi.

Nije kwenye njaa. Mtu mwenye njaa hafaulu famakolojia. Nimesikia wakubwa wakisema vijana wa sasa ni legelege, eti ndiyo maana wanaacha. Tazama England: mwaka 2017 waliondoa ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi wakawaelekeza kwenye mikopo, na kufikia 2020 serikali ikalazimika kuwarudishia ruzuku ya angalau pauni 5,000 kwa mwaka isiyorudishwa. Ripoti iliyotoka huko mwaka 2018 juu ya wanafunzi wanaoacha ilitaja hela, ugumu wa masomo na hali ya wodi wanazopangiwa, na ikaonyesha kwamba mwaka wa pili ndipo wengi kujiamini kunapowashuka. Nchi ile ina fedha kuliko yetu, na bado watoto wao wameanguka palepale ulipoangukia wewe. Hilo liondoe lile wazo kwamba una kasoro fulani.

Hapa kwetu posho ya chakula na malazi ya wanufaika wa mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023, na wewe mwenyewe unajua inavyoisha ukitoa kodi na daladala nne. Lakini lipo jambo naona hujalifanya. Ulipoomba mkopo baba alikuwa mzima analima. Leo hali ya kwenu ni nyingine kabisa, na Bodi ya Mikopo haiwezi kuijua kama hujaipelekea karatasi. Kiharusi kikimwacha mzazi na ulemavu, zipo fomu zinazothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Mwambie ndugu aliyeko Songea aanze kuifuatilia wiki hii, ikukute mkononi dirisha la maombi au la rufaa litakapofunguliwa. Nenda pia kwa ofisa mikopo wa chuo umweleze uso kwa uso. Na mratibu wa kliniki mwombe kwa barua akupangie kituo cha karibu na hosteli mzunguko ujao, ukitaja kwamba unatembea. Waratibu hupanga majina kutoka kwenye orodha, na kwenye orodha haionekani nani ametembea na nani amepanda gari.

Juu ya udaktari nina machache. Wengi niliowaona wakiacha uuguzi ni wale walioingia kwa mlango wa chaguo la tatu, kwa sababu kila siku mbaya inawaambia hawakutakiwa wawe pale. Ukiutaka udaktari kweli, ni miaka mitano na mwaka wa utarajali juu yake, na kitanda namba saba utakikuta huko pia. Uuguzi ni miaka minne, mwaka mmoja wa utarajali, na mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upate leseni. Sitakuficha kwamba ajira baada ya hapo haikungoji mlangoni. Wako wahitimu wanaojitolea huku wakisubiri tangazo. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba dunia ina wauguzi kama milioni 29.8 na bado kuna upungufu wa milioni 5.8, na sehemu kubwa ya pengo hilo iko kwetu Afrika na nchi za jirani zetu wa Mashariki ya Kati. Wewe uliona pengo hilo likoje: sista mmoja, wodi mbili, degedege huku na bibi kule.

Ila nataka nikuulize habari ya mabutu. Nani alikuagiza umsuke yule bibi? Haimo kwenye kitabu cha mazoezi, hakuna alama zake, hakuna saini. Ulikuwa umechoka, labda na njaa, na ukakaa ukamchana hadi akaomba kioo. Jiulize hivi, tena ujijibu kwa ukweli: siku ambayo umekula, umelala, na yule sista hayupo zamu, ukiwa unamwosha mgonjwa au unamgeuza, moyo wako unakuwa wapi? Kama hata siku hiyo unahesabu dakika utoke, basi uuguzi si wako, na kuuacha hakuna aibu. Kama siku hiyo unajisikia uko mahali pako, basi unachotaka kukiacha ni njaa, na matusi, na kufiwa peke yako.

Mimi kwa maoni yangu usiamue sasa. Sapu kwanza. Ifanye, kwa sababu kuondoka ukiwa umefaulu na kuondoka ukiwa na deni la somo ni safari mbili tofauti. Ukiona kichwa hakibebi, andika barua ya kuahirisha masomo kabla muda wa kufanya hivyo haujapita, uambatanishe karatasi ya kliniki na ya ugonjwa wa baba. Kila chuo kina kanuni zake za kuahirisha, zimo kwenye kile kitabu cha mwongozo mlichopewa wiki ya kwanza, na wengi hawakifungui. Mjulishe na ofisa mikopo, maana hela husimama ukiahirisha na utataka iendelee ukirudi. Na kama mwisho wa yote utaamua kuacha kabisa, acha kwa barua, uchukue matokeo yako ya mihula uliyomaliza, uombe kozi nyingine ukiwa na karatasi mkononi.

Usifanye alivyofanya mwenzako wa begi. Simlaumu, naye najua amebeba lake. Lakini anayeondoka kimya huandikwa mtoro, akitaka kurudi anakuta jina limefutwa, na deni la mkopo halifutiki naye. Siku atakapoajiriwa, hata iwe kazi isiyohusiana kabisa na hospitali, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulipia shahada asiyokuwa nayo. Ukiweza kumpata kwa ndugu zake mtafute, mwambie bado kuna watu wa kuongea nao.

Amebaki mama yako. Yeye anasema "vumilia" kwa sababu kila siku anaambiwa umekula. Mpigie, umwambie hujala. Usimpelekee uamuzi, mpelekee hali, kisha muulize habari za baba kama muuguzi anavyouliza. Anamgeuza kila baada ya muda gani? Mwambie mchana na usiku isizidi saa mbili, amweke mto katikati ya magoti na chini ya mguu ili kisigino kisiguse kitanda, kila jioni aangalie mgongoni chini, nyongani na visiginoni, akiona pameanza kuwa pekundu au peusi kuliko ngozi ya pembeni asipasugue, apatulie uzito. Anapomlisha amkalishe wima, chakula kiwe laini, akimeza avute pumzi kwanza kabla ya kijiko kingine, na akikohoa kila anapokunywa maji apelekwe hospitali. Mkono ule uliolala asiuvute kumwinua. Huyo mama anauguza peke yake kama yule sista wa usiku, na hakuna aliyemfundisha. Unayajua haya yote tayari, umeyasoma mwaka wa kwanza. Mfundishe kwa simu, hata kama ni dakika tano za vocha, halafu sikiliza sauti yake, na yako.

Halafu uniandikie. Ukibaki, uniandikie. Ukiahirisha, ukirudi Songea, ukihamia kozi nyingine, vilevile uniandikie uko wapi. Yule wa mwaka 1996 hakuna aliyewahi kuniambia aliishia wapi.